Bakteria Mbele ya Sukari Mbili

Ndugu wanafunzi, walimu wenzangu, na wageni wetu mlioitikia wito,

Nimeombwa nizungumzie umetaboli, yaani jinsi seli inavyogeuza chakula kuwa nishati na mwili wake; vimeng'enya, protini zinazoharakisha mageuzi hayo; mikrobu; na jenetiki. Kwenye ratiba hayo ni masomo manne, yenye vitabu vinne na mitihani minne. Mimi nitazungumzia kiumbe mmoja na tendo lake moja: bakteria Escherichia coli akiwa mbele ya sukari mbili, glukosi na laktosi. Nimechagua hivyo kwa makusudi. Anayelifuatilia tendo hili mpaka kwenye mzizi wake amekwisha kuyagusa masomo yote manne, na ameona jambo ambalo ile chati kubwa ya umetaboli inayobandikwa ukutani haimwonyeshi. Chati ile huzionyesha njia zote zikiwa wazi kwa mpigo mmoja, mishale imejaa kila upande. Hakuna seli inayoishi namna hiyo. Wakati wowote utakaoichungulia seli, utakuta njia nyingi imezifunga. Nataka leo tujiulize: nani anaamua njia ifunguliwe, lini, na kwa gharama gani?

Kwanza tumjue mwenyewe. Theodor Escherich, daktari wa watoto, alimweleza bakteria huyu mwaka 1885. Urefu wake ni kama maikromita 2. Akipata chakula kizuri na joto la nyuzi 37 anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Mwaka 1997 mfuatano wa DNA ya aina yake iitwayo K-12 ulitangazwa wote: jozi za besi milioni 4.6 na jeni za protini zipatazo 4,300. DNA hiyo ukiinyoosha inafika milimita moja na nusu, nayo imekunjwa ndani ya mwili usiofikia hata sehemu moja ya mia tano ya urefu huo. Hana ubongo, hana neva, hana hata kiini cha seli. Hata hivyo, anachagua.

Tunajua kwamba anachagua kwa sababu ya kazi ya mwanabiolojia Mfaransa Jacques Monod. Mwaka 1940 Monod alikuwa Paris, mji uko chini ya jeshi la Ujerumani, naye akiandaa tasnifu yake ya udaktari huku akijiingiza katika harakati za upinzani. Kipimo chake kilikuwa chepesi: bakteria wanavyoongezeka, mchuzi wanamooteshwa unazidi kuwa na ukungu, na ukungu huo unapimika kwa mwanga. Alipowapa sukari moja, grafu ilipanda vizuri kisha ikalala sukari ilipokwisha. Alipowapa sukari mbili kwa pamoja, baadhi ya jozi zilitoa grafu ileile, lakini nyingine zilimpa kitu kigeni: mstari unapanda, unalala kwa muda, kisha unapanda tena. Akabadilisha viwango vya sukari zile. Alipoongeza ya kwanza, hatua ya kwanza ikarefuka. Alipoongeza ya pili, ya pili ikarefuka. Maana yake bakteria walikuwa wanaimaliza sukari moja kabisa ndipo waiguse nyingine. Mwezi Desemba 1940 aliipeleka grafu hiyo kwa André Lwoff wa Taasisi ya Pasteur, naye Lwoff akamwambia kwamba huenda jambo hilo linahusiana na vimeng'enya vinavyojitokeza kulingana na chakula. Mwaka uliofuata Monod alitetea tasnifu yake, lakini kile kipande kilicholala katikati ya grafu hakikumwacha kwa miaka ishirini.

Mimi pia nakipenda kipande hicho kuliko vyote. Ukitazama haraka unadhani hakuna kinachotendeka, maana ukungu hauongezeki. Kumbe ndani ya kila seli kiwanda kinajengwa. Jozi ya glukosi na laktosi ndiyo iliyokuja kuchunguzwa kwa undani zaidi, kwa hiyo tuitumie hiyo. Glukosi imekwisha, iliyobaki ni laktosi. Laktosi ni glukosi na galaktosi zilizofungamana, na ili itumike inahitaji mambo mawili: protini ya kuiingiza ndani ya seli kupitia utando, na kimeng'enya cha kuikata vipande viwili. Kimeng'enya hicho kinaitwa beta-galaktosidasi. Bakteria aliyekuwa akila glukosi hana kimeng'enya hicho ila molekuli chache sana. Aliyezoea laktosi anazo maelfu.

Zinatoka wapi? Swali hili liligombaniwa kweli. Wengine walidhani kimeng'enya kipo tangu mwanzo katika umbo lisilofanya kazi, na laktosi inakigeuza tu. Jibu lilihitaji jaribio, na jaribio lenyewe ni safi mno. David Hogness, Melvin Cohn na Monod waliwaotesha bakteria kwenye salfa yenye mnururisho, mpaka protini zao zote zikawa na alama. Wakawahamishia kwenye salfa ya kawaida, ndipo wakawaamsha watengeneze kimeng'enya. Kama kimeng'enya kingekuwa kimetokana na protini za zamani, kingekuwa na alama. Hakikuwa nayo. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 1955: kimeng'enya kilijengwa upya kabisa, asidi amino moja baada ya nyingine, baada ya mwito kufika.

Sasa hapa nawaomba mshike kalamu, kwa sababu umetaboli bila hesabu ni hadithi tu. Beta-galaktosidasi ina minyororo minne inayofanana, kila mmoja una asidi amino 1,023. Kuunga asidi amino moja kwenye mnyororo kunatumia vifungo vinne hivi vya fosfati vyenye nishati kubwa: viwili vya kuipandisha kwenye RNA inayoibeba, na viwili ribosomu, mashine ya seli ya kujenga protini, inapoiunga na kusogea. Kwa hiyo kimeng'enya kimoja kilichokamilika kinagharimu vifungo zaidi ya 16,000. Seli ikitengeneza vimeng'enya 3,000, imetumia vifungo kama milioni 49, na bado hatujahesabu gharama ya kuzitengeneza asidi amino zenyewe. Muda nao una bei. Ribosomu inayounga asidi amino 15 kwa sekunde inachukua zaidi ya dakika nzima kumaliza mnyororo mmoja. Katika maisha ya dakika 20 au 40 kati ya mgawanyiko na mgawanyiko, hilo si jambo dogo. Bakteria anayetengeneza kimeng'enya hiki pasipo laktosi anachelewa nyuma ya jirani yake asiyekitengeneza, na baada ya vizazi vingi uzao wa jirani ndio utakaojaza chupa. Basi msiseme bakteria ana "akili". Semeni kwamba ukoo wa wasiodhibiti matumizi yao uliachwa nyuma.

Nani basi anaitambua laktosi? Mtu angejibu upesi kwamba ni kimeng'enya chenyewe, kwa kuwa ndicho kinachoishika. Monod na wenzake wa Paris walijaribu wazo hilo kwa kutumia molekuli zinazofanana na laktosi. Baadhi yake, zenye salfa mahali penye oksijeni katika kile kifungo cha kukatwa, haziwezi kukatwa na kimeng'enya, lakini zinaamsha utengenezaji wake kwa nguvu. Nyingine, kama fenili-galaktosidi, zinakatwa vizuri lakini haziamshi. Tafakarini matokeo hayo. Kushikwa na kimeng'enya ni jambo moja, kuamsha utengenezaji ni jambo lingine. Kwa hiyo lazima iwepo molekuli ya pili, isiyo kimeng'enya, inayoitambua ile sukari kwa kipimo chake yenyewe. Walifikia hitimisho hilo kabla ya mtu yeyote kuishika molekuli hiyo mkononi.

Jenetiki ndiyo iliyomkamata mhusika. Walipatikana bakteria wenye mabadiliko ya jeni ambao hutengeneza beta-galaktosidasi mchana na usiku, laktosi iwepo isiwepo. Kumpata bakteria wa namna hiyo kuna ustadi unaonifurahisha kila ninapoufundisha: unawapa bakteria fenili-galaktosidi peke yake kama chakula. Inaliwa na mwenye kimeng'enya, lakini haimwamshi asiye nacho. Wote wanalala njaa isipokuwa yule asiyengoja kuamshwa. Jeni iliyoharibika kwa bakteria hao ikaitwa lacI.

Je, lacI ikiwa nzima inafanya nini? Mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba bakteria huungana na kupeana jeni. Arthur Pardee, François Jacob na Monod wakautumia muungano huo. Walichukua bakteria mwenye jeni nzima, ile ya kimeng'enya pamoja na lacI, wakamfanya azipeleke ndani ya bakteria ambaye jeni hizo zote mbili zimeharibika. Hakukuwa na laktosi mahali popote. Dakika chache baada ya jeni kuingia, kimeng'enya kikaanza kutengenezwa. Kwa saa moja hivi kikaendelea, kisha kikakoma. Walipoongeza kiamshi, kikarudi. Ufafanuzi ni mmoja tu: lacI hutoa kitu kinachozuia. Seli iliyopokea haikuwa na kizuizi hicho, kwa hiyo jeni ilipoingia ilifanya kazi bila pingamizi, mpaka kizuizi kilipokusanyika na kuifunga. Laktosi basi haiiamrishi jeni kufanya kazi. Inamwondoa anayeizuia. Monod mwenyewe alikiri baadaye kwamba mwanafizikia Leó Szilárd alikuwa amemsukuma kufikiri hivyo, wakati yeye akili yake yote ilikuwa upande wa pili.

Jaribio hilo, lililochapishwa mwaka 1959, lilibeba zawadi nyingine ambayo watu huisahau. Kwa nini kimeng'enya kilianza upesi hivyo, na kwa nini kilikoma? Kama kila jeni ingejenga ribosomu zake za kudumu, utengenezaji usingekoma kirahisi. Lazima pawe na mjumbe kati ya jeni na ribosomu, tena mjumbe asiyedumu. Mwaka 1961 Jacob na Monod waliiandika nadharia yote kwa ukamilifu, na mwaka huohuo RNA mjumbe ikaonyeshwa kwa majaribio. Kutokana na swali la sukari mbili tukapata moja ya nguzo za biolojia nzima. Jacob, Lwoff na Monod walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1965. Mwaka 1966 Walter Gilbert na Benno Müller-Hill wakakitenga kizuizi chenyewe: ni protini, na kila seli inavyo kama kumi tu. Vizuizi kumi vinalinda jeni tatu zilizopangana kwenye kromosomu, ya kimeng'enya, ya protini ya kuingiza laktosi, na ya tatu ambayo laktosi inaliwa hata bila hiyo. Jeni hizo tatu zinasomwa kwa mkupuo mmoja kutoka kwenye promota moja, yaani sehemu ya DNA ambapo usomaji huanzia, na mpangilio huo ndio tunaouita operoni.

Kuna kitendawili ambacho mwanafunzi makini lazima akiulize. Ikiwa laktosi haiwezi kuingia bila protini ya kuiingiza, na protini hiyo haitengenezwi mpaka laktosi iingie, safari inaanzaje? Tena laktosi yenyewe siyo inayomshika kizuizi. Inayokishika na kukibandua ni alolaktosi, ndugu yake laktosi, ambayo glukosi na galaktosi zake zimeungana kwa kifungo cha mahali pengine. Na alolaktosi inatengenezwa na nani? Na beta-galaktosidasi ileile, ambayo mara nyingine, badala ya kuikata laktosi na kuachia vipande, huvihamisha na kuviunga upya. Kwa hiyo kimeng'enya kinahitajika ili kimeng'enya kitengenezwe. Ufumbuzi uko kwenye zile molekuli chache nilizozitaja mwanzoni. Kizuizi hakibani milele. Mara mojamoja hubanduka kwa bahati, nakala moja mbili za RNA hupita, na seli inabaki na akiba ndogo ya kimeng'enya na ya protini ya kuingiza. Akiba hiyo ndiyo mbegu. Ndiyo maana kiamshi kikiwa kidogo, seli haziamki zote nusunusu. Aaron Novick na Milton Weiner walionyesha mwaka 1957 kwamba baadhi ya seli huwa zimeamka kabisa na nyingine zimelala kabisa, hali zote zina jeni sawasawa na ziko kwenye chupa moja. Anayewaambia kwamba jeni peke yake ndiyo hatima ya kiumbe, mpelekeni kwenye chupa hiyo.

Sasa turudi kwa glukosi, maana mpaka hapa nimeeleza kwa nini laktosi inaamsha, sijaeleza kwa nini glukosi inazuia. Hapa nataka kuongea kwa msisitizo, kwa sababu maelezo yanayokaririwa sana yana pengo.

Maelezo yenyewe huenda hivi. Operoni ya laktosi, hata kizuizi kikiondoka, husomwa kwa unyonge mpaka isaidiwe na protini nyingine inayobeba AMP ya duara, molekuli ndogo ya kupeleka habari ndani ya seli. Glukosi ikiwepo, AMP ya duara hupungua, msaada unakosekana, jeni haisomwi. Ni kweli kwamba AMP ya duara inahitajika. Ni kweli pia kwamba glukosi huipunguza. Richard Makman na Earl Sutherland waliliona hilo mwaka 1965. Lakini mwaka 1996 Toshifumi Inada, Keiko Kimata na Hiroji Aiba walipima AMP ya duara katika bakteria wanaokula glukosi na katika wanaokula laktosi, wakakuta viwango vinakaribiana. Tofauti inayotosha kueleza ile grafu ya Monod haikuwepo. Sababu kubwa iko mlangoni, kwenye utando wa seli.

Glukosi huingia kwa mfumo uliogunduliwa na Saul Roseman na wenzake mwaka 1964. Fosfati hutoka kwenye fosfoenolpiruvati, moja ya hatua za mwisho za glaikolisisi (njia ya kuivunja glukosi), hupokezanwa na protini kadhaa, kisha hupachikwa kwenye glukosi pale inapopita utando. Moja ya protini hizo za kupokezana hubaki na fosfati yake glukosi isipokuwepo, kwa kuwa hakuna wa kumpa. Glukosi ikiwa inaingia kwa wingi, protini hiyo inanyang'anywa fosfati muda wote. Ikiwa tupu namna hiyo, huishika protini ya kuingiza laktosi na kuifunga. Laktosi iko nje tele, lakini haipiti. Isipopita hakuna alolaktosi, na pasipo alolaktosi kizuizi hakibanduki. Bakteria haoni glukosi iliyoko nje; anajua ipo kama mchota maji gizani anavyojua kisima kina maji kwa kamba inayorudi imelowa. Siku glukosi inapokwisha, fosfati zinabaki mahali pake, protini ya kuingiza inaachiwa, na kile kipande kilicholala kwenye grafu kinaanza.

Angalieni jinsi masomo yetu manne yalivyokosa mipaka hapo. Fosfati ya glaikolisisi ndiyo habari. Kimeng'enya ndicho kinachotengeneza kiamshi. Utando ndio unaoamua nini kisomwe kwenye DNA. Nikiulizwa kwenye mtihani kama hili ni swali la umetaboli au la jenetiki, sina jibu, na nashuku kuwa swali ndilo lenye kasoro.

Nigusie kwa kifupi upande wetu sisi binadamu. Nasi tuna kimeng'enya cha kukata laktosi kwenye utumbo mwembamba, laktasi, ambacho hakina undugu wa karibu na kile cha bakteria. Watoto wachanga wanacho kwa wingi. Kwa watu wengi duniani hupungua baada ya kuachishwa ziwa, na jeni yenyewe haina dosari yoyote; kilichobadilika ni usomwaji wake. Kwa wale wanaoendelea kuwa nacho ukubwani, tofauti iliyopatikana haiko ndani ya jeni ya laktasi. Iko kwenye sehemu ya udhibiti, ndani ya jeni jirani iitwayo MCM6. Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba watu wa Afrika Mashariki wana mabadiliko yao katika sehemu hiyo, tofauti na yale ya Ulaya, yaliyotokea kwa njia yake yenyewe. Na mtu asiye na laktasi akinywa maziwa, laktosi yake inashuka mpaka utumbo mpana, ambako bakteria wanaichachusha na kutoa hidrojeni. Hidrojeni hiyo hupita kwenye damu mpaka mapafuni, na daktari anaipima kwenye pumzi.

Matumizi mengine mtayakuta maabara yoyote mtakayoingia. Mwaka 1977 homoni ya somatostatini ilitengenezwa ndani ya E. coli, jeni yake ikiwa imeunganishwa na ile ya beta-galaktosidasi chini ya udhibiti wa operoni ya laktosi. Insulini ya binadamu ikafuata njia hiyohiyo, na mwaka 1982 ikaidhinishwa kuwa dawa. Swichi iliyochunguzwa kwa ajili ya udadisi tu ilikuwa tayari inamngoja mgonjwa wa kisukari.

Sasa kazi, kwa sababu sikuja kuwahutubia mkaondoka mikono mitupu. Wiki ijayo maabara itakuwa na E. coli na chupa tatu. Ya kwanza ina glukosi peke yake, ya pili ina glukosi kidogo na laktosi zaidi, ya tatu ni kama ya pili lakini imeongezwa kiamshi cha salfa kisichoweza kukatwa, kinachoweza kuingia kwenye seli hata mlango wa laktosi ukiwa umefungwa. Mtapima ukungu kila baada ya dakika kumi kwa mwanga wa nanomita 600, na msiruke kipimo hata kimoja mstari unapolala. Grafu ya chupa mbili za kwanza mnaijua. Ya tatu sitawaambia. Kila mmoja achore mstari anaoutarajia kabla ya kuingia maabara, aandike chini yake sababu kwa sentensi mbili, anipe karatasi mlangoni.

Nipo tayari kwa maswali.